Msiba ukitokea, atarudije?

Naandika kutoka Łódź, Poland. Kila nikipita kwenye majengo yake ya matofali mekundu naikumbuka Morogoro. Huu ulikuwa mji wa nguo. Soko la Kisovieti lilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vilifungwa, na akina mama waliozoea zamu za kufuma wakabaki majumbani. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 840,000 leo una kama 650,000.

Morogoro mnaijua. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze Ulaya, kikatoa asilimia chache tu ya uwezo wake hadi kikafa. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kingine. Walimpunguza, wakamwambia asubiri kiinua mgongo. Alisubiri hadi akaacha kukitaja.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba Wazungu wamefika walipo kwa kujituma, nakataa. Baba alijituma. Mwaka 2003, huku Poland, kati ya kila watu watano waliotaka kazi mmoja hakuwa nayo. Mei 2004 nchi ikaingia Umoja wa Ulaya, na Uingereza, Ireland na Sweden zikawafungulia Wapoland milango ya kazi papo hapo. Kufikia 2007 zaidi ya milioni 2 walikuwa nje, huku fedha za Umoja zikijenga barabara zao nyumbani.

Mwenzangu wa zamu, hapa ghalani Stryków, karibu na Łódź, alikuwa mmoja wao. Alifungasha mboga Uingereza miaka sita. Kila Krismasi alikuwa kwao. Mama yake alipougua, alipanda basi jioni, keshokutwa yake amekaa kando ya kitanda. Hakuomba ruhusa ya nchi yoyote. Baadaye akarudi moja kwa moja, akajenga.

Mimi nina mkataba halali na nakatwa kodi. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa zloti 30.50 (sarafu ya Poland) kwa saa kabla ya makato, na hela hiyo imewasomesha wadogo zangu wawili, siwezi kuibeza. Lakini kadi yangu ya ukaazi ilichukua miezi 14. Unapoisubiri unaruhusiwa kukaa, ila ukishatoka, huingii tena bila kuomba viza upya. Baba alifariki mwezi wa tisa wa kusubiri kwangu. Nilimzika kwa simu: kaka ameiinua juu ya kaburi, mtandao unakatika, nasikia udongo kisha sisikii.

Siku hizi nyumbani kuna mazungumzo mengi ya kupeleka vijana kufanya kazi nje, na karibu yote ni ya mshahara na hela zitakazotumwa. Wanaokwenda kusaini kwa niaba yetu waanze na swali lingine: kijana huyu akifiwa, atarudije, na akishazika ataruhusiwa kuingia tena kazini? Jibu liandikwe kwenye mkataba, juu ya mstari wa mshahara.