Kanga Miguu Juu

Kwa fundi cherehani, kazi yenyewe haichoshi. Wanaochosha ni watu. Kuanzia saa 3 asubuhi barazani kwangu Temeke hapakauki wageni: huyu kaja kubanisha suruali, yule kafuata zipu, mwingine hana hata nguo, kaja kuchaji simu. Ukiwa unashona mstari ulionyooka, porojo hazidhuru. Unaitikia "enhee" huku mguu unakanyaga. Kukata kitambaa ndiko kunakotaka hesabu, na hesabu na umbea havikai chungu kimoja. Mshono ukikosea, unafumua. Mkasi ukishapita, umepita.

Basi nikaamua niwe nakata alfajiri, kabla mtaa haujapiga mswaki.

(Siku ya kwanza niliseti alamu saa 11, nikasahau kwamba simu haihesabu saa za Kiswahili. Ikalia saa 5 asubuhi mbele ya wateja wanne. Nikaiweka sikioni, nikasema "haloo".)

Siku ya pili nikapiga hesabu vizuri, nikaamka saa 10 na nusu. Mimi ni mtu wa saa 12 na nusu, na usiku ule nilikuwa nimelala saa 6 kwa sababu ya mpira. Nikanawa uso, nikawasha taa, na dakika 5 baada ya kufumbua macho mkasi ulikuwa mkononi mwa mtu ambaye hajakumbuka hata leo ni siku gani.

Mezani palikuwa na kitenge cha gauni la harusi: yadi 6, yaani inchi 216, upana inchi 45. Kilichorwa kanga. Ndege, si vazi. Kila mmoja mkubwa kama kiganja, wamesimama kwa adabu, vichwa vyote upande mmoja. Mwenyewe alikuwa amepata cha mwisho dukani, na hilo aliniambia mara tatu.

Kitambaa cha namna hii kina kichwa na miguu. Cha maua yaliyotawanyika unakikunja utakavyo. Hiki, ukikikunja kwa kuleta mwisho wake juu ya mwanzo, safu ya chini inakwenda kichwa chini. Dawa yake ni rahisi: unakikata pale kwenye mkunjo, unaigeuza safu moja mpaka vichwa vyote vielekee juu, ndipo unaweka patani, ile karatasi ya kukatia. Ni kazi ya dakika 2. Najua hivyo miaka yote. Wanafunzi wangu nawafokea kwa jambo hilohilo.

Nikakikunja, nikapitisha mkasi. Mbele na nyuma kwa pigo moja, kila kipande inchi 60. Nikaona mambo si hayo! Hakuna wa kunisemesha, mkasi unateleza kama mtumbwi. Nikakunja tena vilevile, nikakata mikono miwili mirefu, inchi 52 zikaondoka. Zikabaki inchi 44 za kilemba. Nikatazama saa: 11 kasorobo. Nikajipikia chai, nikanywa kifalme, nikisikia adhana na kujiuliza kwa nini watu wanalala.

Saa 12 mke wangu akapita na ndoo. Akasimama.

"Baba watoto, mbona kanga wa mgongoni wamekufa?"

Nikageuka. Mbele, kanga wazima, wanatembea. Nyuma, miguu juu wote, kana kwamba mdondo umepita usiku. Mkono wa kulia umepona, wa kushoto marehemu watupu.

Baadaye nilikuja kuelewa kilichonipata. Mwili una saa yake: joto lake hushuka chini kabisa yapata masaa mawili kabla ya muda uliouzoea kuamka. Kwangu mimi ni ileile saa 10 na nusu. Na ukishaamka, uzito wa usingizi haukutoki mara moja; robo saa hadi nusu saa, na ukiwa hujalala vya kutosha, hata saa nzima. Ubaya wake ni kwamba wewe mwenyewe unajiona mzima. Chai nayo huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, na mimi niliinywa baada ya mauaji.

Kuokoa kulinichukua siku nzima. Mgongo mpya wa inchi 60 haukupatikana, kwa hiyo nikauvunja kiunoni. Sketi ya nyuma ikatoka kwenye zile inchi 44 za kilemba. Kile kipande cha marehemu nikakigeuza chini juu, na kwenye pindo lake pana nikapata mgongo wa juu wa inchi 17. Ongeza 44, toa inchi 1 inayoliwa na mshono wa kiuno, unarudi kwenye 60 zako. Mkono wa kushoto nao ukapenya kwenye mabaki, ukapungua kidogo tu chini ya kwapa. Nikatia kiraka cha vidole viwili. Kilemba, kwaheri.

Alfajiri sikuiacha, ila sasa naiendea kwa heshima. Kwanza nalala mapema, na muda wa kuamka niliusogeza nyuma robo saa kila baada ya siku chache mpaka nikafika saa 11. Nusu saa ya kwanza sigusi mkasi. Najaza uzi bobini nne, natia tone la mafuta kwenye cherehani na kuiendesha kwenye kitambaa kibovu, mafuta yasije yakachafua nguo ya mtu, nabadilisha sindano, kwa kitenge natumia namba 14, kisha napiga pasi upande wa ndani. Ni kazi ambazo hata aliye nusu usingizini anaziweza. Vipimo nakuwa nimeviandika tangu jana yake kwenye karatasi na kuvibana na pini kwenye kitambaa chenyewe, kwa sababu kichwa cha alfajiri hakiaminiki kwa namba. Simu inabaki chumbani kwa mama watoto. Nakata kuanzia saa 12 hadi saa 2, mwanga wa jua ukiwa umeingia, na kila kipande nakichora mshale wa chaki kuelekea kichwani. Kushona nawaachia wenye umbea wao.

Mwenye gauni alikuja Ijumaa na binti yake mdogo. Akalivaa, akazunguka mbele ya kioo.

"Fundi, mshono wa kiunoni nilikuagiza?"

"Unakushika vizuri, dada."

"Na kilemba?"

Nikamweleza ukweli nusu, bei nikaipunguza yote. Akapoa. Akanyanyua mkono wa kushoto kujaribu kwapa kama linabana, na yule mtoto, aliyekuwa chini yake, akachungulia.

"Mama, huyu kanga amelala!"

Wote wawili wakanitazama.

"Huyo," nikasema, "aliamka mapema mno."