Mafungo ya watafiti vijana: maprofesa nao waingie

Matangazo hayakomi kwenye simu zetu. Watafiti chipukizi wanaalikwa siku tatu au nne hotelini, Nairobi, Kigali au Entebbe, wakafundishwe namna ya kujenga maisha yao ya kazi. Asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, wa Bukavu huku mashariki mwa Kongo anajaza fomu, anafuatilia barua ya dekani, anahangaikia pasipoti, na akibahatika anavuka mto Ruzizi wa mpakani na begi lake. Ninayaunga mkono mafungo haya kwa moyo wote. Ila nina neno kwa wanaoyaandaa: mnamwita mtu mmoja ilhali shida ni ya watu wawili. Mwiteni pamoja na promota wake, yaani profesa anayesimamia tasnifu yake. Aje, akae siku zote, ale nasi, alale palepale.

Mafundisho yenyewe yana faida ya kweli. Wengi wetu tulimaliza masomo bila mtu wa kutueleza jinsi wasifu wa mtafiti unavyoandikwa, jinsi ombi la ufadhili linavyosomwa na wale wanaotoa pesa, wala kwa nini jarida hili linadai malipo na lile halidai. Chukua Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida ya kisayansi. Ilianza mwaka 2002 kwa jina la Hinari, chini ya Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya majarida ya tiba. Baadaye kilimo, mazingira na fani nyingine zikafuata. Kongo iko katika kundi la nchi ambazo vyuo vyake husoma majarida hayo bure, mradi chuo kimejiandikisha. Hata hivyo bado nakutana na asistenti wa kilimo anayemwandikia rafiki aliye Ubelgiji amtumie makala moja, kisha anangoja wiki nzima. Kuna pia AuthorAID, mtandao wa shirika la INASP la Uingereza, wenye kozi za bure za uandishi wa kisayansi, unaomuunganisha kijana na mtafiti mzoefu wa kumshauri. Mtu akirudi na hayo mawili tu, hakusafiri bure.

Lakini anarudi wapi? Jumatatu asubuhi yuko chuoni, na mpango wa miaka mitano alioandika kule hotelini umo ndani ya begi. Mwaka wa kwanza ameandika: kumaliza kukusanya data. Ruhusa ya kwenda tereni, yaani kukusanya data nje ya chuo, inatolewa na promota. Mwaka wa pili: kuchapisha makala mbili. Atakayesema makala imeiva au haijaiva ni promota. Mwaka wa tatu: kutoka uasistenti na kupanda cheo kuwa chef de travaux, CT kama tunavyosema wote. Jina lake litapelekwa mbele na idara, ambako mwenye sauti ni promota. Kwenye karatasi lile limeandikwa neno «mimi» kila mstari, na karibu kila mstari unategemea sahihi ya mtu ambaye hakuwepo.

Juu ya hayo kuna mshahara. Wenzetu wengi ni N.U., maasistenti wapya ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya malipo ya serikali. Mtu anaweza kufundisha kazi za vitendo miaka kadhaa akiwa hivyo, akiishi kwa prime, posho inayotoka kwenye karo za wanafunzi, kwa vipindi vya kuokoteza katika taasisi mbili tatu, au kwa kazi ndogo za kuuliza maswali ya utafiti kwa ajili ya mashirika. Vita ilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, benki zikafungwa, na hata yule aliyekuwa na mshahara akawa hana pa kuupokelea. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na mkufunzi kutoka mbali kwamba lazima atenge saa mbili za kuandika kila alfajiri, haambiwi jambo baya. Ila profesa wake akiwa ameketi pembeni, swali linalofuata linaulizika: Prof, kozi zako nne ninazokufundishia, tunaweza kuzipunguza zikawa mbili ili nipate hizo saa?

Jambo linalonisukuma hasa kuandika haya ni majina kwenye makala: nani anatajwa na nani anaachwa.

Kongo inaijua habari hii kuliko nchi nyingi. Mwaka 1976 Jean-Jacques Muyembe alikuwa na miaka 34, amerudi nchini miaka michache tu kutoka Leuven na udaktari wa virolojia. Alifika Yambuku, kaskazini mwa Kongo, watu wakifa kwa ugonjwa usiojulikana, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono isiyo na glavu, kisha akarudi Kinshasa na mtawa mmoja aliyekuwa mgonjwa. Damu ya mtawa ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji. Kwa miongo mingi, habari ya kugunduliwa kwa Ebola ilisimuliwa kuanzia Antwerp, na jina la Mbelgiji Peter Piot likatangulia. Profesa Muyembe amelisema hilo hadharani, na akiwa mkuu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ameshikilia kwamba sampuli za Kongo zichunguzwe Kongo. Lakini ilimchukua umri mzima kufika mahali ambapo neno lake linasikilizwa.

Hapa Bukavu nako watu hawakunyamaza. Watafiti wa huku, wakiwemo wa kundi la GEC-SH linalochunguza migogoro na usalama wa watu, waliungana na wenzao wa Ubelgiji wakaandika mfululizo wa makala, na mwaka 2020 zikawa kitabu, kuhusu watafiti wenyeji wanaoingia vijijini, wanaokabiliana na wenye silaha, wanaobeba maumivu ya waliohojiwa, kisha wanafutika siku ripoti inapotoka. Yaliandikwa kwa ujasiri mkubwa, na nawashukuru. Yalilenga hasa uhusiano wetu na watu wa Kaskazini. Mimi naongeza kwamba kijana hufutwa pia humuhumu ndani, na Mkongo mwenzake. Namjua mwenzangu aliyepima maji ya ziwa msimu mzima, mvua na jua, akaja kuiona makala imechapishwa bila jina lake. Wala haikuwa chuki. Profesa alifikiri kumlipia mafuta ya pikipiki na chakula kumetosha.

Kanuni zipo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua, awe ameandika au amehakiki andiko, awe ameridhia toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Nusu siku ya mafungo ingetosha kuyasoma haya manne, kila jozi ya asistenti na promota ikiyalinganisha na makala yao inayofuata. Kijana atajua kwamba kubeba chupa za maji peke yake hakumfanyi mwandishi. Profesa naye atajua kwamba cheo hakimfanyi mwandishi, na kwamba aliyekusanya data kwa msimu mzima anapaswa kupewa nafasi ya kuandika, ili atimize masharti yaliyobaki.

Na inawezekana. Mwaka 2023 ugonjwa wa mpox ulipoanza kuenea Kamituga, mji wa dhahabu wa Mwenga, waliouona kwanza walikuwa madaktari na watafiti wa Kivu hii hii. Katika makala iliyotoka kwenye Nature Medicine mwaka 2024 ikieleza aina mpya ya virusi, jina la kwanza ni la daktari Mkongo wa INRB. Agosti 14 mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura kwa dunia nzima. Waliosoma kuhusu Kamituga walisoma majina yetu.

Najua pingamizi: profesa akiwepo, vijana watafunga midomo. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi ameweka wapi pesa, na asistenti hamuulizi Papa Prof jina lake litakaa namba ngapi. Ni kweli, na ndiyo sababu mpangilio lazima uwe makini. Siku ya kwanza vijana wakae peke yao na maprofesa peke yao. Maswali yaandikwe bila majina, yasomwe na mtu asiye wa kitivo chochote kati ya vile vilivyopo. Mkutubi mwenye heshima zake angefaa sana. Jozi zikutane siku ya pili, zikiwa tayari zimesikia kwamba shida yao si yao peke yao. Adabu yetu haizuii mazungumzo haya. Inataka tu yawe na mahali na wakati wake, kama tunavyoita wazee wakae kabla ya kuzungumza mahari.

Tena maprofesa wenyewe wanayahitaji. Wengi waliandika tasnifu zao katika miaka ya vita bila mtu wa kuwashika mkono. Leo wanafundisha Bukavu wiki hii, Uvira wiki ijayo, Kindu mwezi ujao, na sura ya tasnifu ya mwanafunzi inalala kwenye kompyuta yao miezi. Hawajawahi kufundishwa kusimamia. Walirithi tu namna walivyosimamiwa. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ukiongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Wits cha Afrika Kusini, unawakusanya wanafunzi wake wa udaktari katika semina za kukaa pamoja, lakini una pia semina za wahadhiri na za wafanyakazi wa utawala wa vyuo. Walielewa kwamba ukimfundisha kijana ukaiacha nyumba anayorudi kama ilivyokuwa, umefanya nusu ya kazi.

Mahali pa kukutania tunapo. Lwiro iko Kabare, zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka mjini, jirani na hifadhi ya Kahuzi-Biega. Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi, mwaka 1947 na kuijenga Lwiro kwa ajili ya wanasayansi kuishi na kufanya kazi humo, pamoja na maabara na maktaba. Leo ni kituo chetu cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Usalama wa barabara ya Katana ukiruhusu, twendeni huko. Usiporuhusu, ukumbi wa masista hapa mjini unatosha. Pesa ya tiketi za ndege iende kwenye intaneti nzuri kwa siku tatu, na kwenye fidia ya vipindi ambavyo asistenti atavikosa, maana kuna nyumba zinazokula kwa vipindi hivyo.

Ukaribu huo utawafaa zaidi dada zetu. Asistenti mwenye mtoto anayenyonya hawezi kwenda Entebbe siku nne, na huwa anaacha tu kuomba, kimya kimya, wala hakuna orodha inayoonyesha kwamba hakuomba. Akiwa Bukavu au Lwiro atakuja na mtoto na yaya, kama bajeti imeweka chumba na chakula cha yaya. Naomba bajeti imuweke.

Siku ya mwisho kila jozi itoke na ukurasa mmoja uliosainiwa na wote wawili: nani anatangulia kwenye makala inayofuata, data inahifadhiwa wapi na nani anaweza kuifungua, na sura ya tasnifu itarudishwa baada ya wiki ngapi. Nakala iende kwa katibu mkuu wa masomo wa chuo. Baada ya miezi sita wote warudi kwa siku moja, kila jozi na ukurasa wake mkononi, na mwandaaji aanze na jozi ambayo mambo hayajatembea.