Tatu Iliyogeuka

Nilitaka kutengeneza tarakimu za msasa za kufundishia watoto, nikamwambia kijana wa dukani, "Nipe msasa." Akaniuliza, "Namba ngapi, dada?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Zote. Sifuri mpaka tisa."

Kijana akanitazama. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapima misumari kwenye mizani, kisha akasema kwa ule upole wa Kariakoo unaotangulia kicheko, "Dada, hapa tuna 60, 80, 120 na 150. Namba tatu katafute kwenye jezi."

Ndipo nilipojua kwamba msasa nao una namba zake, na ni namba za ukali: inavyokuwa ndogo, ndivyo punje zinavyokuwa kubwa. Kwa aibu sikuuliza zaidi. Nikanyooshea kidole ile ya kwanza, nikalipia karatasi tatu na kupotelea mitaa ya Gerezani kama mtu anayedaiwa. Kumbe 60 ni ya kukwangua rangi ya mlango. Mtoto akiipitishia vidole mara tano vinakuwa vyekundu, mara ya sita anaficha mkono nyuma. Ya kufundishia ni 120 au 150. Ukipanda mpaka 400 nako, kidole hakisikii kitu.

Tarakimu hizo zilikuwa za darasa letu la chekechea, Mbagala. Wazo ni la Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907. Unakuwa na vibao kumi vya kijani, na kila kibao kina tarakimu moja ya msasa. Mtoto anaipapasa kwa kidole cha shahada na cha kati, akifuata njia ileile ambayo penseli itakuja kupita, huku anaitaja. Sisi Waswahili tunaihitaji kuliko wengi. Sita na tisa masikioni ni konsonanti zilizobadilishana viti, na machoni 6 na 9 ni mtu mmoja aliyepinduliwa miguu juu. Kinachobaki kuwatenganisha ni mkono: 6 unashuka ndipo unazunguka, 9 unazunguka ndipo unashuka. Hata hivyo, piga mstari chini ya kila kibao, la sivyo utasuluhisha ugomvi wa sita na tisa mpaka muhula uishe.

Vibao nilivipata Keko kwa mafundi samani, mabaki ya plaiwudi. Nikavikata sentimita 12 kwa 18, nikavisugua kingo, nikapaka rangi. Hapo nilikuwa mwalimu mwenye akili timamu.

Usiku nikageuza karatasi za msasa upande wa nyuma, ule laini unaokubali penseli, nikachora tarakimu zangu nzuri zenye urefu wa sentimita 10. Karatasi moja inatoa nane, kwa hiyo mbili zinatosha seti nzima na ya tatu ni ya kuharibu. Nikakatia mkasi wa dada yangu, fundi cherehani. Mpaka leo mkasi ule haukati kitambaa, unakitafuna, na dada hajaacha kuniuliza ulipita wapi. (Msasa unakatwa kwa wembe au kisu cha karatasi, kwa upande wa nyuma, juu ya ubao usiouhurumia.)

Saa tatu usiku luku ikaisha. Nikaendelea kwa tochi ya simu. Nalaza tatu kifudifudi, napaka gundi nyeupe ya mbao mgongoni, naiona iko sawa kabisa, naipindua na kuibandika, nafunika kwa kibao kingine, naweka tofali juu. Naenda nyingine. Kila niliyoitazama ilikuwa sahihi, kwa sababu nilikuwa naitazama mgongo. Kilichochorwa nyuma, ukikipindua kinatoka kama kwenye kioo. Msasa mweusi juu ya kijani kibichi, kwa tochi, na usingizi juu yake: sikuona lolote. Katika kumi, zilizopona ni 0, 1 na 8, maana hizo ukizigeuza zinabaki zilezile.

Asubuhi nikaanza na 1, 2 na 3, kwa hatua tatu za kawaida: "Hii ni tatu." "Nionyeshe tatu." "Hii ni ngapi?" Mwalimu anatakiwa akae ubavuni mwa mtoto, wote mtazame kibao upande mmoja. Lakini mkeka ulikuwa mfupi, nikakaa ng'ambo, uso kwa uso. Sasa angalia balaa: tatu iliyogeuzwa kama kwenye kioo, ukiitazama kichwa chini, inaonekana tatu safi! Makosa yangu mawili yalipeana mkono mbele ya macho yangu. Mbili ndiyo ilikuwa na sura ya 5, nikajiambia ndivyo mbili inavyokuwa ukiiona kwa upande wa pili.

Aliyekaa mbele yangu ni bwana mdogo mmoja wa miaka mitano ambaye tangu Januari anaandika tatu yake imegeuka, mdomo ukitazama kulia. Nimeifuta. Nimemshika mkono. Nimemwekea kitone cha rangi kushoto ili ajue pa kuanzia. Siku ile akapitisha vidole polepole, akasimama katikati, akarudia, akanyanyua uso umejaa nuru.

"Mwalimu, leo umeiandika vizuri."

"Asante," nikamwambia. Nilidhani anasifia gundi.

Akapitisha kibao kwa wenzake. Kufika saa nne, watoto kumi na wawili walikuwa wameishaipapasa, na bwana mdogo alikuwa anapita nyuma yao akiwasahihisha mikono. Ndipo msaidizi wangu alipoingia na sufuria la uji, akasimama upande wao, akainamisha shingo.

"Mwalimu, mbona hizi zimegeuka?"

Nikazunguka mkeka. Tatu ilikuwa imenipa mgongo.

Seti ya pili niliichora kwa chaki upande wenye punje, msasa 120. Ile ya kwanza niliiloweka nikidhani gundi itaachia. Plaiwudi ikaachia kabla ya gundi.

Mchana mama wa bwana mdogo alikuja kumchukua. Tukasalimiana, akavuta mtandio, akasogea karibu kama mtu mwenye siri.

"Mwalimu, usichukie. Mwanangu anasema hatimaye leo umeielewa tatu."

"Ndiyo, mama."

"Anasema usikate tamaa. Kesho atakuanzishia saba."