Ongnyeo jukwaani: vichekesho vinaifufua pansori au vinaipunguza?

Mwaka 2014 Kampuni ya Taifa ya Changgeuk ya Korea Kusini ilipandisha jukwaani, mjini Seoul, mchezo wa kwanza wa changgeuk (tamthilia ya kuimbwa ya Kikorea) kuruhusiwa kwa watu wazima pekee. Aliyeuandika na kuuongoza ni Koh Sun-woong. Umejaa mizaha ya chumbani, na muziki wake unachanganya nyimbo za kale za mashambani na trot, ule muziki wa mapenzi wanaoupenda sana wazee wa Korea. Mwaka 2016 ulifika Théâtre de la Ville mjini Paris kwa jina la Madame Ong, yaani Ongnyeo, mhusika wake mkuu. Mchezo wa namna hii unaibua swali ambalo kila mpenzi wa sanaa za jadi anapaswa kulikabili bila haraka: kuifanyia vichekesho hadithi ya pansori, simulizi ya jadi ya kuimbwa, ni kuifufua, au ni kuichuna nyama na kuacha mifupa?

Pansori yenyewe ni sanaa ya watu wawili. Mmoja huimba akiwa na upepeo mkononi, mwingine huketi na kupiga ngoma. Mwimbaji huyo huyo ndiye msimulizi, bibi harusi, hakimu, mlevi na sungura. Akiimba kisa cha Chunhyang kuanzia mwanzo hadi mwisho anaweza kuchukua saa 8. Sauti hulelewa miaka na miaka mpaka ipate mkwaruzo wake, na wasikilizaji hawakai kimya. Humtia moyo kwa kupaza sauti katikati ya wimbo. Changgeuk ni mtoto wa pansori aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, zama za ukumbi wa Wongaksa uliofunguliwa Seoul mwaka 1908, pale sauti ile moja ilipogawanywa kwa waigizaji wengi.

Zamani visa vya pansori vilikuwa 12. Vilivyobaki vikiimbwa kwa mapokeo ni 5. Kisa cha Byeon Gangsoe, ambacho ndicho chimbuko la mchezo wa Koh, ni miongoni mwa vilivyopotea: maneno yake tunayo kwa sababu Sin Jae-hyo wa Gochang (1812–1884) aliyaandika, lakini lahani yake ilikatika. Katika miaka ya 1970 bingwa Park Dong-jin alikitungia upya muziki wake. Sababu moja ya kupotea kwa visa vya aina hiyo ni kwamba katika karne ya 19 mabwana wa tabaka la yangban walizidi kuwa wafadhili na wasikilizaji wa pansori, na masikio yao yalipendelea visa vya utii wa mtoto na uaminifu wa mke.

Na kisa hiki hakina utii. Ongnyeo, mwanamke wa mkoa wa Pyeongan, anafiwa mfululizo. Mume wa kwanza, bibi harusi akiwa na miaka 15, anafariki usiku wa harusi. Wa pili anaondoka na kaswende, wa tatu na ukoma, wa nne anapigwa na radi, wa tano anatiwa mbaroni kwa ujambazi, wa sita anakufa kwa sumu. Watu wanamfukuza. Njiani anakutana na Byeon Gangsoe, mvivu aliyebarikiwa nguvu za kiume tu. Wanaoana papo hapo, kila mmoja akiusifia mwili wa mwenzake kwa wimbo usioweza kurudiwa mbele ya wakwe. Wanahamia milima ya Jirisan. Gangsoe anapotumwa kuni, anang'oa jangseung, nguzo iliyochongwa sura ya mlinzi wa kijiji, na kuichoma. Jangseung wa nchi nzima wanakusanyika, wanamrundikia maradhi, anakufa amesimama. Nusu ya pili ni ya maiti: kila mwanamume anayekuja kuizika kwa tamaa ya kumwoa mjane anakufa au ananasa.

Kwa hiyo anayesema Koh ameingiza uchafu katika sanaa safi anakosea. Uchafu ulikuwemo, ukafagiliwa. Tena hapakuwa na lahani iliyopokewa bila kukatika ambayo angeweza kuiharibu. Alichokibadilisha kwa kweli ni macho ya hadithi. Katika maandishi ya kale Ongnyeo ni nuksi inayotembea, na mwishoni anafifia bila hata kuagwa. Kwa Koh anakuwa kiini cha mchezo: anawakabili jangseung waliomuua mumewe, na anabeba mimba. Mimi naliona hilo kuwa tendo la haki. Mwanamke aliyeimbwa kama balaa kwa miaka mingi amepewa ukumbi aseme.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi kuliko ile ya adabu. Hoja hiyo ni ya koo la mwimbaji, yaani sauti yake. Uwezo wa pansori uko katika mtu mmoja kuwa watu wote, na ukimgawia kila mhusika mwigizaji wake, ustadi huo ndio wa kwanza kuondoka. Vichekesho vinaongeza mzigo, maana mzaha unataka kasi. Pansori ina jinyangjo, mapigo ya polepole kuliko yote, na humo ndimo huzuni hupata nafasi ya kutandaa. Ukumbi unaosubiri kicheko kinachofuata hauna subira na jinyangjo. Na katika kisa hiki kuna hasara ya pekee: ile nusu ya maiti ina kitisho cha watu maskini wanaotangatanga bila kwao, wanaokufa bila wa kuwazika. Mapambano na jangseung yanasisimua, ila hayabebi kitisho hicho.

Hata hivyo kicheko chenyewe si mgeni. Katika kisa cha Sim Cheong, binti anajiuza kwa mabaharia kwa seok 300 (kipimo cha kale cha nafaka) za mchele ili baba yake kipofu aone, anajitosa baharini, na baada ya msiba huo anaingia mama Ppaengdeok, mlafi anayemfilisi mzee. Watu hucheka machozi hayajakauka. Kichekesho cha pansori hukaa ubavuni mwa msiba, na kwa kipimo hicho Ongnyeo anafaulu pale anapowakumbuka waume waliokufa, anayumba pale mzaha unapojitosheleza.

Hofu kwamba kubadilisha ni kuua haina nguvu kwangu. Kisa cha pansori cha sungura anayemdanganya mfalme wa baharini kwamba ini lake ameliacha nchi kavu kinafanana mno na kima wetu wa Zanzibar aliyemwambia papa kwamba moyo umebaki mtini. Ngano ya namna hiyo ilishasimuliwa India ya kale. Ngano husafiri na kubadilika. Sauti ndiyo isiyosafiri bila mwalimu.

Ukumbi wa Taifa wa Seoul, makao ya kampuni hiyo, tangu 1984 huandaa pia pansori kamili ya mwimbaji mmoja na ngoma yake. Ningependa mabishano yahamie huko: katika waliojaa kumcheka Gangsoe, wangapi wanarudi kukaa saa kadhaa na koo moja, na kampuni inafanya nini ili warudi?