Muda Wote Gani Huo Unaoanza 1982?

Kuna picha inazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Caitlin Clark, nyota aliyechezea Chuo Kikuu cha Iowa, kanyoosha mkono juu, na chini yake orodha ya wafungaji bora "wa muda wote" wa basketi ya wanawake vyuoni Marekani. Wa kwanza Clark, wa pili Kelsey Plum mwenye pointi 3,527. Nimeisoma hadi chini namtafuta Lynette Woodard, hayumo. Woodard ana pointi 3,649. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, jamani, inamshindaje mtu mwenye muda wa kupamba picha kwa rangi zote zile?

Najua jibu litakalokuja: "hiyo ni rekodi ya NCAA", yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Sawa. Ila NCAA ilianza kuandaa ubingwa wa wanawake msimu wa 1981/82, na Woodard alimaliza chuo 1981. Amekosa kwa msimu mmoja! Kabla ya hapo basketi ya wasichana vyuoni ilikuwa chini ya AIAW, chama kilichoanzishwa 1971 na kuendeshwa na wanawake wenyewe, huku wakubwa wa NCAA wakihangaika mpaka mahakamani kuizuia sheria ya usawa wa kijinsia ya 1972 isiguse michezo yao. Walipoona huku nako kuna watazamaji, wakaja na fedha na televisheni, na kufikia 1982 AIAW imekwisha kazi. Halafu kitabu cha rekodi kikaanza ukurasa wa kwanza, kana kwamba wasichana walikuwa wanaruka kamba miaka yote hiyo. Ni sawa na mpangaji anayedai nyumba ilijengwa siku aliyokabidhiwa funguo.

Sasa mtazameni huyo aliyefutwa. Msichana wa Wichita, akaingia Chuo Kikuu cha Kansas 1977 chini ya kocha Marian Washington. Misimu minne, michezo 139, wastani wa pointi 26.3 kila mchezo. Ribaundi 1,714, na hakuwa mtu wa kusimama chini ya kikapu akisubiri mpira umdondokee. Alikuwa anapora mipira, anakimbia nayo mwenyewe, anafunga. Miaka yote minne alitajwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima. Si mwaka wa mwisho tu alipokwisha komaa, yote minne.

Na alifanya hayo na mpira wa wanaume, maana mpira mdogo wa wanawake ulikuja katikati ya miaka ya 80. Mstari wa pointi tatu haukuwepo pia. Ufunge kutoka mbali uwezavyo, unapewa mbili.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Clark naye alicheza michezo 139, idadi ileile, akamaliza na pointi 3,951. Ndani yake mna vikapu 548 vya pointi tatu. Ondoa ile pointi moja ya ziada kwa kila kikapu, anabaki na 3,403. Chini ya Woodard kwa pointi 246. Naam, najua, bila ule mstari Clark asingekuwa anarusha kutoka karibu na katikati ya uwanja, angecheza vingine na huenda angefunga kwingine. Nakubali. Tena ana asisti 1,144, na mtu anayelisha wenzake namna hiyo si wa kubezwa. Sina ugomvi na binti wa watu. Ugomvi wangu ni na wale waliosimamisha dunia tarehe 15 Februari 2024 alipompita Plum, kisha tarehe 28 alipompita Woodard kule Minnesota wakapiga makofi ya kistaarabu na kwenda kulala. Kocha wake mwenyewe, Lisa Bluder, alisema wazi kwamba hiyo ya pili ndiyo rekodi halisi. Wangapi walimsikiliza?

Woodard mwenyewe hakununa. Machi 3, Clark alipompita Pete Maravich, mwanaume aliyekuwa akishikilia rekodi ya pointi vyuoni, mama huyo alikuwepo uwanjani Iowa City. Ningekuwa mimi, nisingekwenda. Au ningekwenda na bango.

Wala maisha yake hayakuishia chuoni. Alikuwa kwenye timu ya Marekani ya Olimpiki ya 1980, wakasusia Moscow. (Sisi Watanzania tulikwenda, Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha, kwa hiyo huku mwaka huo tunaukumbuka kwa raha, yeye alibaki nyumbani akiwa kwenye ubora wake.) Akasubiri miaka minne, akawa nahodha Los Angeles 1984 na kuchukua dhahabu. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuchezea Harlem Globetrotters, timu ya basketi ya maonyesho aliyoichezea binamu yake Geese Ausbie, aliyemwonyesha manjonjo ya mpira tangu utotoni. WNBA ilipoanza 1997, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani ambayo angeitawala akiwa na miaka 22, yeye alikuwa anakaribia 38. Akaingia hivyohivyo, Cleveland, kisha Detroit.

Kwetu basketi ya vyuo vya Marekani tuliijua kupitia Hasheem Thabeet pale Connecticut, na wengi hatukugeuza hata shingo kuangalia wasichana wa chuo hichohicho wanafanya nini. Kwa hiyo kijana wa Dar kutomjua Woodard si ajabu. Ila mtengeneza orodha, anayelipwa kujua? Hapana.

Na mkishamrudisha Woodard, msifunge faili. Kuna Pearl Moore, wa Francis Marion, chuo kidogo cha South Carolina ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia. Aliondoka 1979 na pointi 4,061. Clark hakuifikia hiyo.