Kibali kimetajwa, lakini cha nani?

Watafiti wengi wa tiba huandika taarifa ya maadili mwisho kabisa, usiku wa kuamkia kutuma makala: kamati ya maadili imetoa kibali, washiriki wameridhia. Ni mistari miwili mitatu, na si ajabu ikawa imenakiliwa kutoka makala iliyotangulia. Mhariri akidai barua ya kamati, au akiuliza aliyeridhia ni nani hasa, lawama hazikawii. Urasimu tu, kwani matokeo yamebadilika?

Lawama hizo zina uzito. Mhariri si polisi. Wodini hafiki, mafaili ya wagonjwa hayaoni, na mwenye nia ya kudanganya hatashindwa na muhuri. Anayesota ni mtafiti mwaminifu ambaye kamati yake haikutani ila mara chache kwa mwaka. Tena makala ikifutwa kwa kasoro ya maadili, wagonjwa waliojitolea humo wanakuwa wamejitolea bure.

Hata hivyo, tazama kilichoonekana mwaka 2019. Mtaalamu wa maadili ya tiba Wendy Rogers na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la BMJ Open uchunguzi wa makala 445 kuhusu upandikizaji wa viungo nchini China, ambako matumizi ya viungo vya wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo yalikuwa yanajulikana. Asilimia 73 ya makala hizo zilitaja kibali cha kamati ya maadili. Asilimia 99 hazikusema kama mwenye kiungo aliridhia.

Namba hizo mbili zisomwe pamoja. Kibali kilikuwepo, na kwa wingi, ila kilimhusu mgonjwa aliyelala kitandani akisubiri kupona. Yule aliyetolewa moyo au ini hakupewa hata sentensi moja. Wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, na wahariri wakaona neno “kibali”, wakapiga tiki, wakageukia takwimu. Kuna watakaosema hapo ndipo inapodhihirika kuwa mistari ile ni pambo. Naona kinyume chake: swali liliulizwa nusu. Lingemaliziwa, kwamba viungo hivi vimetoka kwa nani na nani kakubali, nyingi ya makala hizo zingekosa jibu la kuandika. Baada ya uchunguzi ule, baadhi ziliondolewa majaridani, miaka mingi baada ya kuchapishwa.

Hata makala ya 1998 katika jarida la tiba la Lancet, ile ya watoto 12 iliyowatia wazazi hofu ya chanjo ya surua, wengi huikumbuka kwa sayansi yake mbovu. Lakini jarida lilipoifuta mwaka 2010 lilitaja madai mawili yaliyothibitika kuwa ya uongo: namna watoto walivyopatikana, na kwamba kamati ya maadili ilikuwa imeidhinisha vipimo walivyofanyiwa. Yaani mistari ileile isiyosomwa. Ilikaa miaka 12.

Gharama ya ukali huu ipo, sikatai, na kwa sasa anailipa asiyestahili. Baadhi ya majarida huuliza kuhusu kibali makala ikiwa imeshapitiwa, pengine imeshakubaliwa, na hapo kila siku ya kusubiri ni mateso. Namba ya kibali, jina la kamati na maelezo ya nani aliridhia vingedaiwa siku makala inapopokelewa, kabla haijaenda kwa mpitiaji yeyote. Mwenye navyo atavijaza kwa dakika tano.