Programu ya simu haijui unachokula

Siku hizi kila nikishika simu naona mtu yuko porini, anakata majani, anapiga picha, programu inamwambia huu mmea fulani, dakika mbili mbele mboga iko jikoni. Mi mwenyewe napenda sana kuchuma vya porini ila staili hiyo inanitisha.

Programu inakisia tu jamani. Hainusi, haishiki shina. Chukulia hemloki, ule mmea wenye sumu aliyonyweshwa mwanafalsafa Mgiriki Socrates mwaka 399 KK, majani na maua yake meupe yanafanana na ya karoti pori mpaka unachoka. Tofauti utaiona kwenye shina, la hemloki ni laini na lina mabaka ya zambarau, la karoti pori lina vinyweleo, sasa we umepiga picha ua peke yake unategemea nini?

Uyoga ndo usiseme. Ule Amanita phalloides sumu yake haiishi kwa kupika wala kukausha, unakula leo unakaa masaa 6 mpaka 12, hata zaidi, uko fresh tu, ndo unaanza kutapika na kuharisha, halafu unapata nafuu unajiona umepona kumbe ini ndo linaharibika hapo. Na wale wa "mnyama akila basi ni salama", konokono wanautafuna huohuo uyoga na maisha yanaendelea.

Haya, kuna hii kanuni ya chukua theluthi moja acha mbili. Inasikika vizuri ila hesabu yake siielewi, maana anayekuja nyuma yako naye atachukua theluthi yake, na wa tatu hivyohivyo, wote wanajiona wastaarabu na kichaka kinaisha. Mi naangalia kwanza njia ina nyayo ngapi. Na naangalia nachukua nini: jani litaota tena, ila ukichimba mzizi umeua, na gome ukilibandua kuzunguka shina lote huo mti umeshakufa hata kama bado una kijani. Silphium, mmea wa zamani wa Cyrene, Libya ya leo, ilikuwa haikubali kupandwa shambani, watu wakategemea ya porini, na Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, anaandika kwamba enzi zake ulionekana mche mmoja tu, ukapelekwa kwa mtawala wa Roma, Nero.

Kando ya barabara kubwa napita tu hata mboga iwe imenawiri vipi, madini ya risasi ya petroli ya zamani bado yamo kwenye udongo. Na kama ni shamba la mtu piga hodi kwanza, wengi wanakubali.